Tuanze na Kunduchi

Ndugu Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: kati ya majengo na magofu ya kale yaliyo kando ya bahari hapa Dar es Salaam, lipi lishughulikiwe kwanza? Najua wengi watataja Boma la Kale, wengine Atiman House, wengine kanisa la Azania Front lenye mnara unaoonekana tangu bandarini. Yote nayapenda. Lakini jibu langu ni magofu ya Kunduchi, msikiti na makaburi ya kale yaliyo wilaya ya Kinondoni, kaskazini mwa jiji.

Shuleni tulifundishwa kwamba mji huu aliuanzisha Sultani Majid bin Said wa Zanzibar katika miaka ya 1860. Boma la Kale ni la wakati wake, lilijengwa 1866 hadi 1867. Azania Front walijenga wamisionari wa Kijerumani, wakamaliza 1902. Sasa msikiti wa Kunduchi wataalamu wanauweka karne ya 15 au ya 16. Karne tatu hivi kabla ya Majid, watu wa ufuko huu walikuwa wakiswali, wakioana na kuzikana papa hapa. Mtoto wa Kinondoni asiyeambiwa hilo ataamini kwamba historia ya kwao ililetwa na jahazi la sultani na meli ya Mjerumani. Linaniuma sana.

Na ukifika utaona walikuwa watu wa namna gani. Msikiti umebaki kuta, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa ile ilikuwa kazi ya siku nyingi: matumbawe yanapangwa juu ya magogo, yanachomwa mpaka yanalainika, kisha yanamwagiwa maji na kuachwa yaive. Kwa mapambo walichukua tumbawe bichi kutoka baharini, wakalichonga likiwa bado laini, maana likikauka linakuwa gumu.

Makaburi mengi ni ya baadaye, karne ya 18 na ya 19. Baadhi yana minara ya mawe, na kwenye minara hiyo walipachika sahani na bakuli za kaure kutoka China na kwingineko. Sogea karibu uangalie. Utakuta vishimo vya mviringo, vingi vitupu, na humo kwenye chokaa alama ya kitako cha bakuli bado inasomeka. Kaburi la mtu wa pwani hii lilivikwa chombo kilichovuka bahari nzima ya Hindi, halafu mwingine akaja akakibandua. Kwangu huo ni wizi wa kaburini, hata kama aliyefanya alikuwa na cheo au alitaka ukumbusho tu.

Kwa nini basi Kunduchi kabla ya Boma? Boma lina watu ndani. Tangu 2017 limekuwa kituo cha urithi wa majengo ya jiji, paa likivuja kuna atakayeona. Azania Front ina waumini wake kila Jumapili. Kaburi halina wa kulipigia kelele.

Sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda jengo lolote lililojengwa kabla ya 1863, halihitaji hata kutangazwa, hivyo Kunduchi imo. Lakini sheria haing'oi mzizi unaopasua ukuta. Wala haizuii bahari. Sisi wa upande huu tunaijua bahari: hoteli ya Africana ililiwa na mawimbi, tumebaki na jina la kituo cha daladala. Uchimbaji wa mchanga kwenye mito umetajwa miaka mingi kuwa sababu mojawapo, kwa kuwa mchanga usiposhuka, ufuko hauna cha kujijazia. Magofu yako nyuma kidogo ya ufuko, bado tuna nafasi. Mjini, kando ya barabara ya Barack Obama, ukuta wa kuzuia bahari ulikamilika 2018, kwa hiyo tusiambiane kwamba haiwezekani.

Ninachoomba si hoteli wala bustani ya kupigia picha za harusi. Kila mnara na kila kipande cha sahani kilichobaki kipigwe picha na kuandikwa kabla hakijadondoka. Mafundi wanaojua chokaa wazibe nyufa, wasipewe saruji, kwa sababu saruji inafungia unyevu na jiwe la tumbawe linaoza ndani. Wazee wa Kunduchi waulizwe kwanza; waliozikwa pale ni watu wa kwao. Na shule za Kinondoni zipeleke watoto, kwa daladala hata: unashuka Mtongani, barabara ya Bagamoyo, unaingia upande wa baharini na kuulizia magofu. Watoto waambiwe mapema wasikalie makaburi, na wasiokote kitu.

Msomaji, Tegeta