Majaribio yanapita, programu inaanguka: je, chombo kinaweza kujaza majibu ya stabu?

Swali: Mradi wetu wa Java unatumia Mockito, maktaba ya kutengeneza moki, yaani vitu bandia vinavyosimama badala ya vitu halisi wakati wa majaribio. Moki zinazalishwa zenyewe kutokana na violesura (maelezo ya funksheni zilizopo, bila msimbo wake), na majaribio yote ya vitengo, zaidi ya 500, yanapita. Lakini tulipoiweka programu kazini, ilianguka kila mara mteja alipotafutwa kwa namba isiyokuwepo. Kuna chombo kingine, au mpangilio, wa kuzalisha stabu, yaani moki zilizopangiwa majibu, zenye majibu sahihi?

Jibu: Hakuna, ndugu yangu, na usipoteze muda kukitafuta.

Chombo cha kuzalisha moki husoma saini ya funksheni: jina, vigezo na aina ya thamani inayorudishwa. Elimu yake inaishia hapo. Kiolesura chenu kinasema funksheni ya kutafuta hupokea namba na kurudisha mteja. Hakisemi kwamba namba isipopatikana, hifadhi yenu halisi, sehemu inayotafuta wateja kwenye hifadhidata, hutupa kosa, na kama ni kosa la wakati wa kuendesha, Java haidai litajwe kwenye saini. Mockito isipoelekezwa hurudisha null (yaani “hakuna kitu”) kwa kitu, sifuri kwa namba na orodha tupu kwa orodha. Nadhani aliyeandika sehemu hiyo aliona null kwenye majaribio, akaikagua null, jaribio likapita. Kazini null haikuja. Lilikuja kosa ambalo hakuna aliyejiandaa kulidaka.

Swali hili nalipata mara kwa mara, na kila mara chini yake kuna dhana ileile: kwamba moki ni nakala ya kitu halisi. Moki ni madai yako kuhusu kitu halisi. Unapoandika kwa mkono kwamba hifadhi itajibu hivi, unalazimika kujiuliza umejuaje. Kitufe kinapokuandikia, madai yanabaki palepale, ila hakuna aliyejiuliza. Halafu watu hunionyesha asilimia ya mistari iliyopitiwa na majaribio kana kwamba ni ushahidi! Asilimia hiyo inahesabu mistari iliyoendeshwa. Haijui kama jibu lilikuwa la kweli.

Kuzalisha umbo, yaani majina na vigezo, sina ugomvi nako. Kwenye Python, kwa mfano, moki ya kawaida hukubali karibu jina lolote unaloliita, hata ukikosea herufi, na create_autospec huziba tundu hilo kwa kukataa majina yasiyokuwepo na vigezo visivyolingana. Itumieni. Lakini inalinda umbo tu, tabia haiigusi.

Kwa hifadhi yenu, andikeni kwa mkono hifadhi bandia inayoweka data kwenye kumbukumbu. Kisha andikeni seti moja ya majaribio: kuhifadhi, kutafuta aliyepo, kutafuta asiyekuwepo, kuhifadhi namba ileile mara mbili. Seti hiyo iendesheni juu ya hifadhi bandia na juu ya hifadhidata halisi pia. Zikitofautiana, mtajua siku hiyohiyo. Maktaba za watu wengine msizifanyie moki moja kwa moja. Zizungushieni tabaka jembamba lenu wenyewe, kisha tabaka hilo ndilo mlifanyie bandia.

Kinachonikera zaidi sasa ni vyombo vinavyosoma msimbo uliokwisha kuandikwa na kuzalisha moki pamoja na majaribio yenyewe, vikiuzwa kwa ahadi ya kumaliza kazi hii kwa dakika chache. Chombo cha namna hiyo huchukua kile msimbo unachokifanya leo na kukiandika kuwa ndicho sahihi, hitilafu zikiwemo. Hukagua pia kwamba funksheni fulani imeitwa mara moja, kwa mpangilio fulani, kwa hiyo ukipanga upya msimbo bila kubadilisha matokeo, majaribio kadhaa yanavunjika; ukiacha hitilafu ilipo, yote yanapita. Kipeni msimbo wenu wa kutafuta mteja jinsi ulivyo sasa, nacho kitawaandikia jaribio safi kabisa linalothibitisha kwamba asiyekuwepo hurudi kama null.