Onyo la Utapeli Mtandaoni Liwahi Kabla ya Tapeli

Nafanya kazi katika kitengo cha TEHAMA cha chuo kikuu hapa Nairobi, na kuwatahadharisha watu kuhusu utapeli wa mtandaoni ni sehemu ya kazi yangu. Ukipewa jukumu hili, anza na kalenda ya chuo. Tapeli ameshaisoma. Muhula ukifunguliwa, anazungumzia karo na nafasi za hosteli. Pesa za HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, zikikaribia kutoka, anaandika kwamba mkopo wako umekwama. Onyo likitoka wiki hiyo hiyo, linasomwa. Kungoja Oktoba, eti ndio mwezi wa usalama wa mtandao, ni kuchelewa.

Jambo liwe moja, na maneno machache. Huu hapa ujumbe mmoja tuliousambaza:

“Ujumbe unaosema mkopo wa HELB umekwama ni wa matapeli. Usibonyeze. Usimtajie mtu nenosiri, hata akidai anapiga kutoka chuoni. Kama umeshabonyeza, tupigie sasa hivi. Hakuna atakayekugombeza.”

Tuliupitisha kwa viongozi wa madarasa, kwenye WhatsApp, maana barua pepe ya chuo wanafunzi wengi huifungua wakitafuta jambo maalumu tu.

Sentensi ile ya mwisho ndiyo ninayoitetea kwenye kila kikao. Karani mmoja aliandika nenosiri lake kwenye ukurasa bandia, akaja kwetu mbio. Tulilibadilisha, tukaiondoa akaunti yake kwenye vifaa vyote, kisha tukachungulia mipangilio. Tayari mtu alikuwa ameiwekea amri ya kupeleka nakala ya kila barua kwenye anwani ngeni. Nenosiri jipya peke yake lisingeizuia. Karani yule angenyamaza kwa kuogopa aibu, barua za malipo ya idara zingeendelea kusomwa kimyakimya. Kwa hiyo tafadhali, usimtaje aliyetapeliwa mbele ya wenzake, hata kama ni kwa kutoa funzo.

Walinzi na wafanyakazi wa usafi husahaulika, na wengi hawana barua pepe ya chuo. Wafuate wanapobadilishana zamu. Kwao hatari iko kwenye simu yenye M-Pesa, kwa hivyo zungumza nao kuhusu namba ya siri na laini. Mwenye laini ya Safaricom mwonyeshe *100*100#, inayozuia mtu mwingine kuihamishia namba yake kwenye laini nyingine, na umwambie namba ya tapeli aitume kwa 333.