Kutoka Igoma: Tour du Rwanda nayo ipandishwe

Mhariri salamu. Mmeuliza wiki hii kama mbio za baiskeli za nje ya Ulaya zina hadhi yoyote duniani au zinajazia kalenda tu. Mimi ni fundi baiskeli hapa Igoma, Mwanza, na jibu langu ni kwamba hadhi wanayo, ila Afrika ndo bado tunabaniwa.

Cheki WorldTour, lile daraja la juu kabisa. Tour Down Under ya Australia ipo juu tangu 2008, Waarabu wana UAE Tour, Kanada wana Québec na Montréal, China wana Guangxi, Afrika hamna hata moja. Tour du Rwanda ilipandishwa daraja la 2.1, ngazi mbili chini ya WorldTour, mwaka 2019 ikaishia hapo, yani timu kubwa inakuja ikijisikia, halafu 2024 ikaangukia wiki moja na UAE Tour, sasa hapo nani aache pointi za kule aje Kigali?

Na mtu asiniambie barabara za huku laini. Septemba 2025 ubingwa wa dunia ulifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika, wanaume wakapiga kilometa 267.5, vilima mwanzo mwisho na kile cha mawe cha Kwa Mutwe, akashinda Pogačar wa Slovenia na waliomaliza ni 30 tu! Sisi tulijazana kwenye simu moja hapa kijiweni, fundi mwenzangu kashika spana mpaka mbio zinaisha hajakaza hata nati moja.

Biniam Girmay wa Eritrea mnamjua, jezi ya kijani, ile ya kinara wa pointi, Tour de France 2024. Miaka mitano kabla ya hapo, akiwa na 18, alimpita Greipel, yule Mjerumani mkongwe wa kasi za mwisho, kwenye stage ya Tropicale Amissa Bongo kule Gabon, wengi ndo walianza kumuona pale. Mbio za nyumbani zikiwa na wakubwa ndani, kijana anaonekana.

Huku Usukumani vijana wanashindana na Phoenix, wanang'oa madigadi na karia, gia moja hiyo hiyo mlima na tambarare. Kuna mmoja nilimkazia mnyororo asubuhi ya mashindano, katoka Magu usiku anaendesha, kashindana, kashika nafasi ya pili, jioni kapanda tena baiskeli anarudi. Kabla hajaondoka akaniuliza Tour du Rwanda wanachukuaje watu, nikakosa cha kumwambia.