"S" zinakwaruza mwisho wa santuri

SWALI: Mhariri, nimenunua santuri ya nyimbo za zamani iliyotolewa upya. Nyimbo za mwanzo ni safi, ila ya mwisho kila upande "s" za mwimbaji zinakwaruza. Natumia sindano ya Audio-Technica VM95E. Je, santuri ni mbovu? – Msomaji, Tanga

JIBU: Usiirudishe dukani bado. Kwa mizunguko 33⅓ kwa dakika, sindano ikiwa ukingoni hupita takriban sentimita 51 kwa sekunde. Karibu na lebo ni 21 tu. Mawimbi ya sauti hubanana, ncha ikashindwa kufuata kona zake.

Safisha ncha kwa brashi, ukivuta kutoka nyuma kuja mbele. Kisha pima uzito ambao sindano inaikandamizia santuri: VM95E inataka gramu 2.0. Tumia mizani ndogo ya sindano, usitegemee namba za kwenye mkono wa gramafoni (ufito unaobeba sindano) peke yake. Wengi huupunguza wakidhani wanaiokoa santuri, kumbe sindano nyepesi mno hurukaruka na kuumiza kuta za mfereji.

Kazi kubwa ni mkao wa kichwa, yaani kifaa kidogo kinachoshika sindano mwishoni mwa mkono. Chapa karatasi ya vipimo inayolingana na mkono wa gramafoni yako, kwa ukubwa wake halisi. Legeza skrubu 2 zinazoshika kichwa, weka ncha juu ya kila nukta ya karatasi hiyo, sogeza kichwa mpaka kilingane na mistari kwenye nukta zote 2. Hata milimita 1 inasikika. Ukishakaza, pima uzito tena, maana kusogeza kichwa huubadilisha.

Bado? Weka sindano ya VM95ML, yenye ncha nyembamba zaidi inayofuata vizuri kona hizo. Inaingia kwenye kichwa hichohicho. Santuri nyingine zikiwa safi na hii ikakwaruza, hapo irudishe.