Plagini za Vim kwenye chumba cha kompyuta chenye bando dogo

Mwalimu wa Pongwe anauliza hivi: ana kompyuta 14 za Ubuntu (aina ya Linux), modemu moja ya simu, na kila akifungua Vim, kihariri cha maandishi anachotaka kukiongezea plagini (viongezeo), anakutana na E117: Unknown function: plug#begin, kisha mlolongo wa E492: Not an editor command: Plug. Bando linaisha kabla hajamaliza hata mashine ya tatu.

Mwalimu, hayo si makosa mawili, ni moja. Faili la ~/.vim/autoload/plug.vim halikufika, au lilifika tupu mtandao ulipokatika. Faili hilo ndilo vim-plug yenyewe, meneja anayeshusha na kupakia plagini. Likikosekana, kila mstari wa .vimrc (faili la mipangilio ya Vim) unaolitegemea unapiga kelele.

Unaweza kulishusha upya, lakini kwa hali yako nisingehangaika. vim-plug inamfaa mwenye laptopu moja na mtandao usioyumba. Hapo kwako kila mashine inakwenda GitHub kivyake kushusha vitu vilevile mara 14. Tangu toleo la 8 la mwaka 2016, Vim inapakia plagini yenyewe bila meneja, mradi folda zikae mahali pake. Kwa hiyo chagua mashine moja iwe mama, ipeleke mjini penye mtandao wa kueleweka, shusha, halafu gawa kwa flashi.

Kwanza hakikisha una Vim kamili. Ubuntu huja na vim-tiny, Vim iliyopunguzwa, na hiyo haiendeshi plagini hata ufanyeje. Andika:

vi --version | grep eval

Ukiona -eval, ni hiyo ndogo. Kwenye mashine mama, kabla hujasakinisha kitu, toa amri hii:

sudo apt-get install --download-only vim

Mafaili ya .deb (vifurushi vya kusakinisha) yatabaki /var/cache/apt/archives. Yanakili kwenye flashi, kisha kila mashine uyasakinishe kwa sudo dpkg -i *.deb. Hii inakubali kama mashine zote zina toleo moja la Ubuntu. Zikichanganyika, dpkg italalamika kuhusu vifurushi tegemezi.

Sasa plagini zenyewe:

mkdir -p ~/.vim/pack/shule/start
cd ~/.vim/pack/shule/start
git clone --depth 1 https://github.com/tpope/vim-surround
git clone --depth 1 https://github.com/tpope/vim-commentary

Neno “shule” ni la kwako, liite upendavyo. “pack” na “start” haviguswi. --depth 1 inaleta hali ya sasa tu bila historia yote, na hapo ndipo bando linapookoka. Ukishusha zip badala ya git, chungulia ndani: mara nyingi utakuta folda ndani ya folda. Folda ya plugin/ iwe moja kwa moja chini ya vim-surround/, ikizama ngazi moja zaidi Vim haiioni, na haitakwambia chochote.

Ukishashusha, fungua Vim uandike :helptags ALL, la sivyo :help surround haitapata kitu.

Halafu .vimrc. Futa kila kitu kuanzia plug#begin hadi plug#end, ufute na folda ya ~/.vim/plugged. Hapa wengi hunasa: plug#end ilikuwa inawasha rangi na mpangilio wa mistari kimyakimya. Ukiiondoa, rangi zinapotea na lawama zinakwenda kwa plagini. Andika mwenyewe:

filetype plugin indent on
syntax enable

Jambo jingine, plagini za start hupakiwa baada ya .vimrc kusomwa. Kama .vimrc yako inaita funksheni iliyoandikwa ndani ya plugin/ ya mojawapo, E117 itarudi. Tanguliza mstari wa packloadall juu yake.

Kwenye flashi usiburute folda kama ilivyo. FAT32, mfumo wa faili wa flashi nyingi, haitunzi viungo vya faili (symlink) wala ruhusa zake, na vijifaili vingi vinaifanya itambae. Funga kwanza:

tar -C ~ -czf plagini.tgz .vim .vimrc

Kule kwingine fungua kwa tar -C ~ -xzf plagini.tgz, ukiwa umeingia kwa akaunti ya mwanafunzi. Anayenakili kwa sudo cp anaacha faili mikononi mwa root (msimamizi mkuu wa mashine), na :helptags itashindwa kuandika humo.

Ukikuta E492 inayoishia na ^M, plagini hiyo ilishushwa kwenye Windows na git ikabadili miisho ya mistari. Huko Windows weka git config --global core.autocrlf false, kisha shusha upya.

Kuhusu uchaguzi wa plagini, kuwa bahili. coc.nvim inataka Node.js, YouCompleteMe inataka kukompailiwa, fzf.vim haina maana bila programu ya fzf, na ALE hukaa tu kama hakuna kikaguzi cha lugha unayofundisha. Kwa wanaoanza, vim-surround na vim-commentary zinatosha, ongeza kwenye .vimrc mstari wa packadd! matchit, plagini ambayo tayari imo ndani ya Vim. (Wakiwa humo waandike :help uganda. Watashangaa jirani zetu wametajwa.)

Plagini ikileta ukorofi, vim --clean inafungua bila mipangilio yako. Tatizo likitoweka, basi limo kwenye .vim au .vimrc. :scriptnames inaonyesha kilichopakiwa, na :verbose map inataja faili lililoteka kitufe.

Kusasisha fanya kwenye mama tu, ndani ya start:

for d in */; do git -C "$d" pull --ff-only; done

Jaribu siku kadhaa, funga tgz mpya yenye tarehe kwenye jina, ya zamani usiifute. Kwenye mashine nyingine futa ~/.vim/pack/shule kabla ya kufungua mpya, kwa sababu tar huongeza na kufunika lakini haiondoi plagini uliyoiacha. Na kama utafungua akaunti mpya za wanafunzi baadaye, weka .vim na .vimrc ndani ya /etc/skel, folda ya kiolezo cha akaunti mpya. Kila akaunti itakayoundwa kwa adduser itazaliwa nazo. Zilizokwishakuwepo hazitaguswa, hizo zinahitaji flashi.