Injinia wa umeme kuingia kamati ya shule, inafaa?

SWALI: Shikamoo. Mi ni injinia wa umeme, miaka 29, niko kampuni binafsi hapa Dar, kazi zangu ni za kupima transfoma. Wazazi wa mtaani wananitaka niingie kamati ya shule ya msingi, ila ofisini wananiambia mambo ya mtaa yatanirudisha nyuma. Ni kweli?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Ingia.

Hao wa ofisini uwasimulie habari za Charles Steinmetz, naye injinia wa umeme. Alizaliwa 1865 Breslau, enzi hizo ufalme wa Prussia wa Wajerumani siku hizi ni Poland, mfupi sana na ana kibiongo, akakimbia kwao 1888 kwa sababu ya siasa za ujamaa na mwaka uliofuata akawa Marekani. 1892 akatoa hesabu ya umeme unaopotea kama joto kwenye chuma cha transfoma, alafu akaingiza namba changamano kwenye hesabu za AC, yaani umeme unaogeuza mwelekeo, zile zilizokutoa jasho chuoni. Kampuni ya umeme ya General Electric pale mji wa Schenectady, jimbo la New York, walikuwa wanamtegemea kweli kweli. Sasa mtu huyo huyo, mji ule ulipochagua meya msoshalisti 1911, akaingia bodi ya elimu na akawa mwenyekiti wake, anahangaikia shule ziongezwe na watoto wapate vitabu bure, baadae akawa rais wa baraza la mji. Na 1922, mwaka ule ule anatengeneza radi ya bandia maabara, akagombea uinjinia wa jimbo zima la New York, akashindwa, akarudi kazini. Kurudi nyuma kuko wapi hapo?

Mi mwenyewe nishawahi kukaa kwenye kamati ya shule moja, jina silitaji. Kikao cha kwanza nikaomba nifunguliwe boksi la breka, nakuta waya mwembamba wa milimita 2.5 za mraba umefungiwa breka ya ampea 63 wakati ulitakiwa ya 20, kisa ile ya 20 ilikuwa inakata kila wakichemsha chai ofisini. Yaani waya ungeungua wote na breka iko imetulia tu. Plastiki ilishaanza kulainika, ukisogeza pua unasikia harufu, na nyuma ya ukuta huo ndo darasa la kwanza wamekaa. Wajumbe walikuwa watu wazuri na wanaipenda shule yao, ila nani angewaambia? Nilirudi nyumbani usiku ule sikulala.

Ila nakusihi kitu kimoja, kazi ya umeme ya shule hiyo usiichukue wewe wala kampuni yako, hata wakikubembeleza. Ukikadiria gharama alafu tenda ukapata wewe wazazi hawatakuamini tena, na wewe ni injinia, una jina la kulinda. Kagua, andika ripoti ambayo hata mama ntilie ataielewa, kazi apewe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, akimaliza pima ethi, ule waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, wazazi wakiwa wamesimama hapo wanaona namba.

Bosi wako mwambie mapema siku za vikao, mwandikie kabisa. Na kikao cha kwanza nenda na tester na bisibisi.