Usiikopeshe Kompyuta Macho Yako: Kwa Wanaoanza Kazi ya Uoni wa Kompyuta

Wengi wanaoingia kwenye uoni wa kompyuta, fani ya kuifundisha kompyuta itambue kilichomo kwenye picha, huanza kwa kuuliza modeli ipi (yaani programu inayojifunza kutokana na mifano) ni bora au wanunue kadi gani ya michoro. Weka maswali hayo kando kwanza. Kwa miaka niliyofundisha modeli na kupitia kazi za wanaoanza, nimeona kinachowapotosha zaidi si hesabu wala programu, ni macho yao wenyewe. Mtu anafungua picha, anamwona mbwa amelala chini ya mti, na papo hapo anaamini kompyuta nayo imemwona mbwa huyohuyo, ila tu haijui anaitwaje. Kuanzia hapo maamuzi yake yote yanakwenda mrama.

Zoezi ninalowapa kwanza linaudhi kidogo. Chukua picha ya rangi yenye pikseli, yaani vidoti vinavyounda picha, 224 kwa 224, kila kimoja kikiwa na namba tatu za rangi, kipimo ambacho modeli nyingi zimezoea kulishwa. Hiyo ni jumla ya namba 150,528, kila moja ikiwa kati ya 0 na 255. Chapisha kipande chake kwenye skrini, hata 20 kwa 20 tu, kisha mtafute sikio la mbwa humo. Hulipati. Sasa piga picha ya kitu hichohicho jua likizama, au sogea hatua moja kushoto, uchapishe tena. Karibu kila namba imebadilika, ilhali kwako wewe hakuna kilichobadilika. Kuona ni kazi ya kuvuka pengo hilo, na ubongo wako unalivuka bila kukuarifu.

Kwa kuwa hatuoni tukihangaika, tunadhani ni kazi nyepesi. Mwaka 1966 Seymour Papert wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, aliandika mpango wa mradi wa majira ya kiangazi, akilenga wafanyakazi wa msimu huo mmoja wajenge sehemu kubwa ya mfumo wa kuona. Haikutosha. Watu wale walikuwa miongoni mwa wenye akili kali zaidi wa zama zao, na programu za kucheza chesi zilikuwa tayari zipo. Kilichowashinda ni jambo ambalo mtoto wa miaka miwili analifanya huku analia.

Jicho lenyewe si kamera, ingawa vitabu vya shule hupenda kulichora hivyo. Retina, utando ulio nyuma ya jicho, ina seli kama milioni 120 za kuhisi mwanga hafifu na kama milioni 6 za kutambua rangi, lakini neva inayotoka jichoni kwenda kwenye ubongo ina nyuzi takriban milioni moja tu. Maana yake uchujaji unaanza ndani ya jicho, kabla ubongo haujapokea chochote. Eneo linaloona kwa ukali kamili ni dogo mno, kiasi cha upana wa kidole gumba mkono ukiwa umenyooshwa. Kazia macho neno moja katika mstari huu, kisha jaribu kusoma mstari wa nne chini yake bila kuhamisha macho. Ndiyo maana macho huruka kama mara tatu kila sekunde yakiokota vipande, na picha pana, angavu, isiyo na tundu unayoiona ni kitu kinachoundwa. Tundu lenyewe lipo, pale neva inapotokea, ubongo unalifunika.

Kamera nayo isitukuzwe. Kihisi cha kamera ya kawaida hupima rangi moja tu katika kila pikseli, nyekundu, kijani au bluu, kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak na kupewa hataza mwaka 1976. Theluthi mbili ya thamani za rangi katika picha unayoiita halisi zimekisiwa kutoka kwa majirani. Kwa hiyo pande zote mbili zinakisia, ila kila upande unakisia kwa kusudi lake.

Kusudi la ubongo linaonekana vizuri katika mchoro ambao Edward Adelson wa MIT aliutoa mwaka 1995: ubao wa drafti ulioangukiwa na kivuli cha silinda. Mraba mmoja uko nje ya kivuli na utaapa kuwa ni wa kijivu kizito. Mwingine uko ndani ya kivuli na utaapa kuwa ni mweupe. Ukizipima, namba zake ni zilezile. Watu huuita udanganyifu wa macho, jina ambalo mimi silipendi, kwa sababu jicho hapo limefanya kazi yake sawasawa. Limeondoa athari ya kivuli likakwambia kitu chenyewe kina rangi gani. Kompyuta haiondoi chochote mpaka uifundishe.

Kwa anayefanya kazi, hili lina matokeo ya kila siku. Ukiandika kanuni ya kutenganisha vitu kwa rangi, ukaichagulia kikomo kwa kutazama picha moja iliyopigwa saa sita mchana, kikomo hicho ni cha saa sita mchana. Piga asubuhi, piga chini ya taa, piga mawingu yakiwa yametanda, ndipo uone kama kuna kikomo chochote kinachodumu. Mara nyingi hakipo, na hapo ndipo utaelewa kwa nini watu waliacha kuandika kanuni kwa mkono wakaiacha modeli ijifunze kutokana na mifano.

Kuna makosa mawili madogo ya kiufundi ambayo ni ya macho hasa, na yanakula siku nyingi za wageni. La kwanza ni mpangilio wa rangi. OpenCV, maktaba (mkusanyiko wa msimbo uliokwisha kuandikwa) ya kushughulikia picha, husoma picha kwa mpangilio wa bluu, kijani, nyekundu, wakati maktaba nyingine nyingi huanza na nyekundu. Ukifundisha kwa mpangilio mmoja ukatumia kwa mwingine, wewe ungeona uso wa mtu umegeuka bluu na ungeshtuka. Modeli haishtuki. Inaendelea kujibu, inakosea zaidi kidogo, na hakuna ujumbe wowote wa kosa unaotokea. La pili ni picha za simu. Simu nyingi huhifadhi picha ikiwa imelala, kisha huandika kwenye faili maelezo kwamba igeuzwe. Programu unayotazamia picha inayasoma maelezo hayo. Baadhi ya maktaba za kuandikia programu haziyasomi. Wewe unaona mtu amesimama, modeli inalishwa mtu aliyelala. Dawa ni moja: usitazame faili, tazama kile hasa kinachoingia kwenye modeli, baada ya kukatwa, kupunguzwa na kusawazishwa. Kihifadhi kama picha na ukifungue. Fanya hivyo kila mradi mpya, hata ukishazoea.

Utasikia kwamba mitandao ya nyuroni, aina ya modeli inayotumika zaidi kwenye picha, imeigwa kutoka kwenye ubongo. Kuna ukweli humo. David Hubel na Torsten Wiesel walichunguza ubongo wa paka, wakachapisha mwaka 1959 kwamba kuna seli zinazoitikia mistari yenye mwelekeo fulani tu. Wazo hilo lilimfikia Kunihiko Fukushima aliyebuni mtandao wa tabaka kwa tabaka mwaka 1980, na Yann LeCun na wenzake wakaonyesha mwaka 1989 jinsi mtandao wa namna hiyo unavyoweza kujifunza kusoma tarakimu zilizoandikwa kwa mkono. Lakini usiuvute ufanano huo kupita hapo.

Kilichobadilisha mambo ni mashindano ya ImageNet, ambamo modeli zilishindana kutaja kilichomo kwenye picha. Picha za mafunzo zilikuwa kama milioni 1.2, makundi 1,000, na modeli iliruhusiwa kutaja majibu matano kwa kila picha. Mwaka 2012 mtandao wa Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton ulikosea asilimia 15.3, wa pili akiwa na asilimia 26.2. Mwaka 2015 makosa yalishuka hadi asilimia 3.57. Mtafiti Andrej Karpathy alikuwa amekaa mwenyewe kufanya mtihani huohuo, akakosea kama asilimia 5.1. Vichwa vya habari vikatangaza kwamba mashine imempita binadamu.

Unaposoma tangazo la namna hiyo, uliza mtihani ulikuwa wa nini. Katika makundi yale 1,000, zaidi ya 100 ni aina za mbwa. Binadamu asiyefuga mbwa atafeli hapo, na kufeli kwake hakusemi lolote kuhusu macho yake. Mwaka 2019 Benjamin Recht na wenzake walikusanya picha mpya kwa kufuata utaratibu uleule wa ImageNet kwa karibu walivyoweza, wakazipa modeli zilizokuwapo. Usahihi ulishuka kwa pointi 11 hadi 14. Hakukuwa na ukungu wala ujanja wowote ulioongezwa. Zilikuwa picha nyingine tu.

Hapa ndipo ningetaka ukae zaidi, kwa sababu ndipo kazi nyingi hufia: modeli inapata jibu sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Robert Geirhos na wenzake walitengeneza picha ya paka mwenye umbo la paka lakini aliyevikwa ngozi ya tembo. Watu walisema paka. Mitandao iliyofundishwa kwa ImageNet ilisema tembo. Sisi tunashika umbo. Yenyewe ilikuwa imeshika ngozi, kwa kuwa katika picha ilizofundishiwa ngozi ilitosha kujibu. Watafiti wengine wameonyesha ng'ombe anayetambulika vizuri akiwa malishoni na kupotea akipigwa picha ufukweni. Na mwaka 2018 ilichapishwa kazi kuhusu picha za eksirei za kifua ambamo modeli ya kutafuta nimonia iliweza pia kutambua picha imetoka hospitali ipi. Hospitali moja ikiwa na wagonjwa wengi wa nimonia kuliko nyingine, kujua tu hospitali ni nusu ya jibu.

Jaribio la kufichua hili ni rahisi, nami nashangaa ni wangapi hawalifanyi. Funika kitu chenyewe kwa boksi la kijivu, ibaki mandhari peke yake, kisha iulize modeli tena. Ikisema bado "mbwa" kwa uhakika uleule, basi ilikuwa inasoma nyasi.

Lifuatalo linahusu ugawaji wa data, yaani kutenga picha za kufundishia modeli na za kuipimia. Video ya dakika moja yenye fremu 30 kwa sekunde inakupa fremu 1,800. Ukizichanganya na kuzigawa kwa bahati nasibu, fremu ya 500 itaingia kwenye mafunzo na ya 501 kwenye mtihani, na kwa jicho lolote hizo ni picha moja. Utapata usahihi wa asilimia 99, utapongezwa, na mfumo utaanguka siku ya kwanza kwenye kamera mpya. Gawanya kwa kamera, kwa mahali, kwa siku, kwa mtu. Chochote kinachofanya picha zifanane kisivuke mpaka. Namba zako zitashuka. Zitakuwa za kweli.

Kuhusu uhakika ambao modeli hutangaza, mfano maarufu ni wa mwaka 2014: picha ya panda iliyotambuliwa kwa uhakika wa asilimia 57.7 iliongezewa mchafuko ambao jicho haliwezi kuuona, na modeli ikajibu ni gibboni, mnyama wa jamii ya sokwe, kwa asilimia 99.3. Ile 99.3 si yakini kama unayoijua wewe.

Baada ya yote haya mgeni huwa anahamia upande wa pili na kuanza kuliabudu jicho la binadamu. Wahenga walisema macho hayana pazia; maabara zimeonyesha yanayo. Katika jaribio la Daniel Simons na Christopher Chabris la mwaka 1999, watazamaji waliohesabu pasi za mpira hawakumwona mtu aliyevaa kama sokwe akipita katikati, na waliomkosa walikuwa karibu nusu. Mwaka 2013 wataalamu 24 wa radiolojia walitafuta vinundu katika picha za mapafu zilizochomekwa picha ya sokwe, 20 hawakumwona. Modeli haichoki namna hiyo, pikseli ya mwisho inaipima kama ya kwanza. Lakini modeli iliyofundishwa vinundu tu nayo isingesema neno kuhusu sokwe, maana haikufundishwa kwamba kuna jambo la kushangaza duniani.

Na kumbuka kwamba kipimo chenyewe ni jicho la mtu. Uchunguzi wa mwaka 2021 wa seti kumi zinazotumiwa sana za majaribio ulikadiria kwamba kwa wastani angalau asilimia 3.3 ya lebo, yaani majina ambayo watu huzipa picha kama jibu sahihi, zilikuwa na makosa. Kabla ya kuilaumu modeli, keti uweke lebo picha mia chache kwa mkono wako, kisha mwenzako aziwekee lebo zilezile bila kuona zako. Mnapotofautiana, mara nyingi tatizo ni kwamba hakuna aliyeandika wapi "gari dogo" linaishia na "lori" linaanzia. Hapo hata modeli kamilifu haiwezi kushinda.

Kilichomo kwenye data ndicho kinachoonekana pia kwa nyuso. Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mwaka 2018 mifumo ya biashara ya kutambua jinsia kwa uso. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi makosa yalifika asilimia 34.7, kwa wanaume wenye ngozi nyeupe hayakuzidi asilimia 0.8. Wastani wa jumla ungeficha tofauti hiyo yote. Kwa hiyo usiripoti wastani peke yake.

Mkubwa wako atakuuliza siku moja kama mfumo unaona vizuri kama mtu. Usijibu ndiyo wala hapana. Mpe jedwali: kamera ipi, umbali gani, mwanga upi, makundi gani ya watu au vitu, na usahihi wa kila mstari. Mistari ambayo hukuipima iache ndani ya jedwali, ikiwa mitupu, uandike pembeni kwamba haijapimwa.